Kuivunja 243243243243243243 kwa kalamu na karatasi

«Jambo Mwalimu. Niko mwaka wa sita wa sekondari hapa Lubumbashi, tawi la hisabati na fizikia. Tumepewa kazi: tuandike 243, ile namba inayotangulia simu zote za nchi yetu, mara sita mfululizo, tupate 243243243243243243. Kisha tuivunje kuwa vigawo tasa na tuseme ina vigawo vingapi kwa jumla. Kikokotoo cha simu kinaniandikia 2,43243243E17 tu. Nikaenda kwenye kompyuta, nikaiingiza katika Excel: ikageuka 243243243243243000, na kila nilipoigawanya, kwa 8, kwa 17, kwa chochote, jibu lilitoka zima bila desimali. Kaka yangu anasema jumla ya tarakimu ni 54, kwa hiyo namba inagawanyika kwa 54. Rafiki yangu anasema namba kubwa hivi haivunjiki bila mashine maalumu, ndiyo maana benki zinazitumia, na yeye anataka kuifanya neno lake la siri. Kwa mkono nimeona kwamba 1001001 ni 3 × 333667, nikajaribu kugawanya 333667 kwa namba tasa zote hadi 97 bila kupata kitu. Naweza kuandika kwamba ni tasa? Na nitajuaje kwamba nimemaliza?»

Mdogo wangu, shida yako naielewa hivi: una namba ambayo vyombo ulivyonavyo haviwezi hata kuionyesha yote, na kila mtu aliye karibu nawe ana kanuni yake. Nikutoe wasiwasi mapema. Namba hii inavunjika yote kwa kalamu, kwenye kurasa mbili za daftari, na kazi nzito kuliko zote ndani yake ni kugawanya namba ya tarakimu sita kwa namba ya tarakimu tatu. Tena wewe umeshapita sehemu ya njia bila kujua. Lakini tuanze na kompyuta, maana ndiyo iliyokuvuruga.

Excel huhifadhi tarakimu 15 za mwanzo za namba, basi. Zinazozidi huzifuta na kuweka sifuri. Namba yako ina tarakimu 18, kwa hiyo 243 ya mwisho imepotea na 000 imekaa mahali pake. Tangu hapo hukuwa tena unafanya kazi ya mwalimu; ulikuwa unashughulikia namba nyingine, pungufu kwa 243. Hiyo nyingine kweli inagawanyika kwa 8, kwani inaishia na 000. Yako haiwezi: inaishia na 3, ni namba witiri, na namba witiri haigawanyiki hata kwa 2, sembuse 8.

Na kwa nini 17 nayo ilionekana kukubali? Jibu la kugawanya kwa 17 lina tarakimu 17 kabla ya kufika kwenye desimali. Excel haionyeshi zaidi ya tarakimu 15, kwa hiyo desimali haina pa kukaa. Unaona 14308426073131900 na unadhani imetoka zima. Ungegawanya kwa 23, kwa 29, kwa 1009, ungeona hivyo hivyo kila mara sehemu nzima ya jibu ikiwa na tarakimu 15 au zaidi. Kukosekana kwa desimali kwenye skrini, namba zikiwa ndefu hivi, hakuthibitishi kitu chochote.

Kuna njia ya kupata baki sahihi kwa kikokotoo chochote, hata cha simu ya vibonyezo, na nakuomba uishike kwa sababu utaihitaji maisha yako yote ya hisabati. Kata namba vipande vya tarakimu tatu tatu: 243 243 243 243 243 243. Gawanya kipande cha kwanza, chukua baki, libandike mbele ya kipande kinachofuata, gawanya tena. Kwa 17 inakwenda hivi: 243 inabakiza 5. Sasa una 5243, inabakiza 7. Una 7243, inabakiza 1. Una 1243, inabakiza 2. Una 2243, inabakiza 16. Una 16243, inabakiza 8. Vipande vimekwisha, baki la namba nzima ni 8, kwa hiyo 17 si kigawo. Hatua sita, na hakuna iliyozidi tarakimu tano. Ndiyo kugawanya kule ulikofundishwa shule ya msingi, ila unashusha tarakimu tatu kwa pamoja badala ya moja.

Angalia jambo moja katika njia hii: kipande kinachoanza na sifuri lazima kitunze sifuri zake. Baki 7 na kipande 043 zinatoa 7043, si 743. Kwa namba yako hatari hiyo haipo kwa kuwa vipande vyote ni 243, lakini ukihamia namba nyingine, makosa mengi huanzia hapo.

Sasa tuingie ndani ya namba yenyewe. Rafiki yako ameangalia urefu wake tu. Angeangalia umbo lake, angeona kwamba kitu kile kile kimerudiwa, na kitu kikirudiwa kinaweza kutolewa nje. Namba yako ni 243 × 1001001001001001. Ukizidisha, kila 1 inazaa 243 yake, na zile sifuri mbili mbili zinazizuia 243 zisipandane. Hapo hapo umepata vigawo vitano bila jasho, kwa sababu 243 ni 3 × 3 × 3 × 3 × 3, yaani 3⁵.

Imebaki 1001001001001001, yenye 1 sita. Sita inagawika katikati: tatu na tatu. Zile tatu za mbele ni 1001001, na zile tatu za nyuma ni 1001001 vilevile, zimetenganishwa na hatua tisa. Kwa hiyo ni 1001001 × 1000000001. Kipande cha kwanza umeshakivunja mwenyewe: 3 × 333667. Hongera kwa kukiona hicho. Na hiyo 3 usiisahau, nitakuambia baadaye inavyowaponza watu.

Kipande cha pili, 1000000001, ni 10⁹ + 1. Tumia kanuni ya jumla ya vipeo vya tatu mliyosoma mwaka wa tatu au wa nne: a³ + 1 = (a + 1)(a² − a + 1). Weka a = 1000. Unapata 1001 × (1000000 − 1000 + 1), yaani 1001 × 999001. Na 1001 ni 7 × 11 × 13. Hiyo inafaa kukaa kichwani daima, kwani kila namba ya tarakimu sita iliyojirudia, kama 358358 au 243243, imeibeba ndani yake.

Unaweza pia kuzikata zile 1 sita kwa namna nyingine, mbili mbili mbili: 1001 × 1000001000001. Hicho kirefu ni a⁴ + a² + 1, nacho kinavunjika kuwa (a² + a + 1)(a² − a + 1), yaani 1001001 × 999001. Vipande ni vilevile. Njia mbili tofauti lazima zifikie vigawo tasa vilevile, kwa sababu kila namba nzima kubwa kuliko 1 ina mvunjiko mmoja tu wa vigawo tasa, usipohesabu mpangilio wake. Ukifuata njia mbili ukapata majibu mawili, kuna kosa la hesabu mahali; usitafute maelezo mengine.

Kabla ya kuendelea, nimjibu kaka yako. Kanuni ya jumla ya tarakimu ni ya 3 na ya 9 peke yake. Inafanya kazi kwa sababu 10 ikigawanywa kwa 9 inabakiza 1, na 100 inabakiza 1, na 1000 pia, kwa hiyo kila tarakimu, popote ilipo, inachangia thamani yake yenyewe tu kwenye baki. Kwa 27 au 54 hali haiko hivyo. Jumla 54 inathibitisha kwamba namba inagawanyika kwa 9, na hapo ndipo mwisho wa neno lake. Kwa 54 haiwezekani kabisa: 54 ni shufwa na namba yako ni witiri. Kwa 27 kaka yako angepata jibu sahihi, lakini kwa bahati. Chukua 1899: jumla ya tarakimu ni 27, lakini 27 × 70 ni 1890 na inabaki 9. Kinyume chake, 243 yenyewe ina jumla 9 tu, na bado inagawanyika kwa 27, hata kwa 81. Ukitaka kanuni ya kweli ya 27, jumlisha vipande vya tarakimu tatu badala ya tarakimu moja moja, kwa kuwa 999 ni 27 × 37 na hivyo 1000 inabakiza 1 kwa 27 na kwa 37. Vipande vyako sita vinatoa 1458, nayo ni 27 × 54. Hiyo sasa ni hoja.

Tumebakiwa na namba mbili ambazo macho hayawezi kuzivunja: 333667 na 999001. Hapa ndipo penye swali lako zuri kuliko yote, la kujua umemaliza.

Umejaribu hadi 97 ukakosa. Huwezi bado kuandika kwamba 333667 ni tasa. Chukua 10403: haina kigawo chochote chini ya 100, lakini ni 101 × 103. Mpaka wa kujaribu ni kipeuo cha pili cha namba, na sababu yake ni rahisi: namba ikiwa ni zao la vigawo viwili, vyote viwili haviwezi kuzidi kipeuo chake cha pili, la sivyo zao lingeizidi namba yenyewe. Kwa hiyo kama kigawo kipo, mmoja wa wale wawili yuko chini ya mpaka. Wanaosema lazima ufike nusu ya namba wanajitesa bure. Wanaosimama kwenye 13 au 97 wanasimama mapema. Kwa 333667: 577 × 577 ni 332929, na 578 × 578 ni 334084. Mpaka wako ni 577. Kuna namba tasa 106 hadi hapo, na wewe umejaribu 25 za mwanzo.

Zimebaki 81. Ukiwa na subira unaweza kuzimaliza. Lakini kuna sababu ya kuacha karibu zote, na nitaieleza taratibu kwa kuwa ndiyo moyo wa kazi hii.

Tuseme p ni namba tasa inayogawanya 1001001, na si 3. Basi p inagawanya pia 999 × 1001001, yaani 999999999, ambayo ni 10⁹ − 1. Kwa maneno mengine, 10⁹ ikigawanywa kwa p inabakiza 1. Sasa orodhesha mabaki ya 10, 100, 1000 na kuendelea: yanazunguka, na yanarudi kwenye 1 baada ya hatua fulani. Urefu wa mzunguko huo lazima uigawanye 9, kwa hiyo ni 1, 3 au 9. Ukiwa 1 au 3, basi 1000 inabakiza 1, na 1001001, ambayo ni 1000² + 1000 + 1, ingebakiza sawa na 3. Kwa kuwa p inaigawanya, p ingekuwa 3, nasi tumeshaitoa. Kwa hiyo mzunguko ni 9 kamili. Na Fermat, mwanahisabati Mfaransa, alieleza katika karne ya 17 kwamba, p isipoigawanya 10, basi 10 kwa kipeo cha p − 1 inabakiza 1. Maana yake 9 lazima iigawanye p − 1. Na kwa kuwa p ni witiri, p − 1 ni shufwa, kwa hiyo 18 inaigawanya p − 1.

Soma tena mstari huo wa mwisho. Unasema kwamba kigawo chochote tasa cha 333667 lazima kiwe zidisho la 18 ukiongeza 1. (3 yenyewe haiigawanyi: jumla ya tarakimu zake ni 28.) Kumbe 7, 11, 13, 17, 23, 29 ulizozihangaikia hazikuwa na nafasi tangu mwanzo. Hadi 577 zinazostahili kujaribiwa ni hizi 17 tu: 19, 37, 73, 109, 127, 163, 181, 199, 271, 307, 379, 397, 433, 487, 523, 541 na 577.

Hoja ya ukoo huu huu inaeleza pia kigawo ambacho Euler, mwanahisabati Mswisi, alikipata mwaka 1732. Fermat alikuwa ameamini kwamba 4294967297, yaani 2³² + 1, ni tasa. Vigawo vyake, ukifuata hoja ya aina hii, lazima viwe zidisho la 64 ukiongeza 1. Namba tasa za umbo hilo zinaanza 193, 257, 449, 577, 641, na ya tano ndiyo inayoingia: 641 × 6700417. Hakuwa na mashine yoyote.

Turudi kwako. Gawanya 333667 kwa zile 17. Mabaki utakayopata, kwa mpangilio ule ule, ni 8, 1, 57, 18, 38, 6, 84, 143, 66, 265, 147, 187, 257, 72, 516, 411 na 161. Fanya mwenyewe, kisha linganisha. Kuwa makini na 37: inabakiza 1 tu, kwa kuwa 37 × 9018 ni 333666, na mtu aliyechoka huandika kwamba imeingia. Vivyo hivyo kwa 523: jibu linakaribia sana 638, lakini 523 × 638 ni 333674, imezidi kwa 7. Ukitumia kikokotoo usikadirie desimali. Chukua sehemu nzima, izidishe tena kwa kigawanyo, utoe. Hakuna sifuri katika orodha ile, kwa hiyo 333667 ni tasa. Ulikisia sawa, ila sasa una uthibitisho.

Kwa 999001 hoja ni ile ile, ikigeuka kidogo. Kigawo chake tasa p kinagawanya 10⁹ + 1, kwa hiyo 10⁹ inabakiza −1 na 10¹⁸ inabakiza 1. Mzunguko unagawanya 18 lakini hauigawanyi 9: ni 2, 6 au 18. Ukiwa 2 au 6, basi 10⁶ inabakiza 1, na kwa kuwa 10⁹ inabakiza −1, 1000 lazima ibakize −1. Hapo 1000² − 1000 + 1 inakuwa 1 + 1 + 1 = 3, na p ingekuwa 3. Lakini jumla ya tarakimu za 999001 nayo ni 28, 3 haiingii. Mzunguko ni 18, na tena p ni zidisho la 18 ukiongeza 1. Jaribu ya kwanza kabisa, 19: 19 × 52579 = 999001. Imeingia bila baki.

Usiishie hapo ukashangilia. 52579 nayo lazima ihojiwe. Vigawo vyake ni vigawo vya 999001, kwa hiyo sharti la 18 bado linaifunga. Mpaka: 229 × 229 ni 52441 na 230 × 230 ni 52900, basi ni 229. Za kujaribu ni nane: 19 (ndiyo, tena, maana kigawo kinaweza kurudi mara mbili), 37, 73, 109, 127, 163, 181, 199. Mabaki: 6, 2, 19, 41, 1, 93, 89, 43. Ni tasa. Hapa mtego ni 127, kwa kuwa 127 × 414 ni 52578.

Umemaliza pale ambapo kila kipande mkononi mwako kimethibitishwa kuwa tasa, na zao la vipande linarudisha namba ya mwanzo. Masharti yote mawili, si moja. Mvunjiko wako ni

3⁶ × 7 × 11 × 13 × 19 × 52579 × 333667.

Kipeo cha 3 ni 6: tano kutoka 243 na moja kutoka 1001001. Kuhakiki zao, usiligonge lote kwenye simu. Litarudi kuwa E17. Lihakiki kwa nusu mbili. 729 × 333667 inatoa 243243243. Kisha 7 × 11 × 13 × 19 ni 19019, na 19019 × 52579 inatoa 1000000001. Zote zinaenea kwenye skrini ya simu. Na 243243243 × 1000000001 ni 243243243 iliyoandikwa mara mbili, yaani namba ya mwalimu.

Idadi ya vigawo sasa ni dakika moja. Kila kigawo kinaundwa kwa kuchagua 3 ngapi utachukua, kuanzia sifuri hadi sita: njia 7. Na kwa kila moja ya zile tasa sita nyingine, kuichukua au kuiacha: njia 2. Jumla 7 × 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 2 = 448. Ndani yake imo 1 na imo namba yenyewe. Ukipata 384, umeichukulia 1001001 kuwa tasa na ile 3 imebaki imefichwa ndani yake. Ukipata 224, umeiacha 999001 bila kuivunja. Ukipata 12, umehesabu vigawo tasa pamoja na marudio yake, na hilo ni swali jingine.

Rafiki yako sasa. Amechanganya mambo mawili. Ni kweli kwamba usiri wa mawasiliano mengi unategemea ugumu wa kuvunja namba kubwa. Njia mojawapo, iliyotangazwa mwaka 1977 na Rivest, Shamir na Adleman, inachukua namba tasa mbili kubwa zilizochaguliwa kwa kubahatisha, inazizidisha, na kuonyesha zao tu. Lakini namba zinazotumika leo kwa kawaida zina bit 2048, yaani tarakimu 617. Namba moja ya tarakimu 129 iliyotolewa kama changamoto mwaka ule wa 1977 ilivunjwa mwaka 1994, na nyingine ya tarakimu 250 mwaka 2020, kwa kompyuta nyingi zikifanya kazi pamoja. Tarakimu 18, hata zingechaguliwa vizuri kiasi gani, kompyuta ya kawaida inazivunja kabla hujaondoa kidole kwenye kibonye.

Na ukubwa peke yake si ugumu. Nikupe ushahidi: mwalimu angewaambia mrudie 243 mara tano badala ya sita, namba ingekuwa fupi, tarakimu 15, na ingewasumbua zaidi. Tano haigawiki kwa mbili wala kwa tatu, kwa hiyo kanuni nilizokuonyesha zinakosa pa kushika. 1001001001001 ni 11111 × 90090991, na kuuona mkato huo si rahisi. Ndani yake mna 41, 271, 31 na 2906161. Hiyo ya mwisho ni tasa, na mpaka wa kuihoji ni 1704. Namba ndogo, kazi kubwa.

Kuhusu neno la siri: mwambie aache. Kitu kilichojirudia, tena kinachoanza na namba ya nchi, ni kati ya vile vinavyojaribiwa kwanza na mtu anayetaka kuingia kwenye simu au akaunti ya pesa ya mwenzake. Vigawo vyake havina uhusiano wowote na jambo hilo.

Ukitaka kompyuta ihakiki kazi yako baada ya kuimaliza kwa mkono, tumia Python, lugha ya kuandikia programu, ambayo hutunza namba nzima bila kukata tarakimu; kuna programu zake za simu pia. Andika 243243243243243243 % 17 na utaona 8. Kwa kugawanya tumia mikwaju miwili, //, kamwe usitumie mmoja, kwani mkwaju mmoja hugeuza jibu kuwa desimali na kukurudisha kwenye mtego wa Excel. PARI/GP, programu ya hisabati ya bure, hufanya kazi yote kwa amri moja: factor(243243243243243243).

Kama aya za mzunguko wa mabaki hazijakukaa baada ya kuzisoma mara mbili, usizinakili kwenye kazi yako. Jaribu zile namba tasa zote hadi mpaka, 50 kwa 52579 na 106 kwa 333667. Ni uthibitisho halali kabisa, mrefu tu. Halafu mfuate mwalimu wako ana kwa ana na daftari lako, umwombe akuonyeshe mabaki ya 10, 100, 1000 kwa 37 ubaoni, moja baada ya moja, hadi uone mzunguko kwa macho: 10, 26, 1, halafu 10 tena. Mazungumzo ya robo saa yatafanya kile ambacho maandishi hayafanyi. Akiwa hana nafasi, nenda kitivo cha sayansi cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi au ISP, wanakofunzwa walimu wa sekondari; mwanafunzi wa hisabati wa mwaka wa pili ataweza kukusaidia. Na kama mabaki yako ya kugawanya kwa tarakimu tatu yanatofautiana na yangu zaidi ya mara mbili au tatu, peleka hizo hesabu zenyewe, si majibu yake tu, kwa sababu anayekusaidia anahitaji kuona ni kwenye kushusha au kwenye kutoa ndipo unapoteleza.